Jasho la Mzee Wiyono

Retno alikuwa na miaka sita ya kufundisha mazoezi mjini Solo, Indonesia, tena kwa mbwembwe, lakini siku ile aliamka na hofu. Mtihani wa kozi ya kufundisha wenye ulemavu ulikuwa mtu mmoja tu: Mzee Wiyono, wa kiti cha magurudumu, asiyehisi kitu kuanzia kifuani kwenda chini.

"Usiniogope, binti. Siumi."

Asije akaanguka, Retno akamfunga mkanda mapajani, akaukaza. Wakaanza kuvuta kamba za mpira.

Hazikupita dakika kumi, uso wa mzee ukaiva. Jasho likamtiririka usoni na shingoni. "Kichwa kinapasuka!" akalia.

Mwalimu wa kozi alikuwa nje kwenye simu. Kukuh, mwanafunzi mwenzake Retno, akadakia, sarafu mkononi tayari. "Upepo huo umemwingia! Tumlaze nimkwaruze mgongo kwa sarafu, upepo utoke. Bibi yangu kaponya mtaa mzima hivi hivi."

Na nani angembishia? Retno mwenyewe alikwaruzwa sarafu tangu utotoni, kila alipotoka jasho na kuumwa kichwa. Akamshika mzee kwapani.

"Msinilaze! Mkinilaza mnaniua!"

"Wagonjwa ndivyo wasemavyo. Shika miguu, dada!"

Retno aliogopa, acha tu. Akimsikiliza mgonjwa, naye akafa? Asipomsikiliza je?

"Kukuh, koma! Mwache!" Akapiga magoti. "Mzee, nifanye nini?"

"Niache wima. Tafuta mpira wa mkojo. Umebanwa mahali; mkojo ukizuiwa presha hunipanda, nikilala inazidi."

Akaufuata ule mpira kwa vidole juu ya suruali, mpaka ukapotelea chini ya mkanda. Mungu wangu! Mkanda aliokaza yeye mwenyewe. Akaufungua kwa pupa. Mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko wake uliofungwa mguuni, na mzee akafumba macho. Retno akajua amekufa, akaangua kilio.

"Nyamaza, bwana, kichwa bado kinaniuma."

Mwalimu akaja mbio, akaita gari la hospitali wakampime presha. Retno akaokota mkoba wake ajiendee. Kazi ya kuchezea roho za watu haiwezi.

"Wapi tena?" mzee akauliza. "Nifunge mkanda, gari hilo linarusha."

"Afunge Kukuh. Mimi nimekaribia kukuua."

"Kukuh na sarafu yake? Thubutu! Njoo."

Akarudi, anaogopa kuliko asubuhi. Akaushika mkanda, asithubutu kuupitisha.

"Mzee," akasema, "niufunge wapi?"