Hesabu ya Siku ya Mnada

Itangazwe kwa watu wote, wa bara na visiwani, kwamba Enock wa kidato cha tatu, mtafiti mwandamizi wa bweni la pili, alikamilisha utafiti mzito kuhusu wingi wa wanafunzi madarasani. Ulichukua dakika nne. Aliufanya akiwa ameegemea dirisha la darasa la kwanza, katika shule aliyosoma kijijini kwao karibu na Shelui, mkoani Singida, huku akitafuna karanga.

Ilikuwa kazi ya likizo, iliyoanza kabla shule za msingi hazijafunga. Mwalimu Michael wa jiografia alitaka kila mtu akahesabu darasa la kwanza la kwao, ili mikoa ilinganishwe. Enock alijua Nathan wa Kilimanjaro angerudi na darasa dogo na maneno mengi. Basi akachagua siku ya mnada, ambapo watoto wengi huswaga mbuzi wa kuuzwa au huwasaidia mama zao kubeba mizigo. Akapata hamsini na wawili. Hakuongopa hata mmoja. Alimhesabu hadi aliyesinzia.

Shule ilipofunguliwa, matokeo yakaandikwa ubaoni. Kilimanjaro, thelathini na tisa. Singida, hamsini na wawili. Geita, kwa kina Jenipher, mia moja na kumi na wanane.

"Poleni ndugu zetu wa Geita," Enock akasema kwa sauti ya mgeni rasmi. "Sisi Singida tumeshaendelea."

Darasa likaangua kicheko. Jenipher akainamia daftari lake.

Ndipo Mwalimu Michael akatoboa alichokuwa ameficha: karakana ya shule ilikuwa imetengeneza madawati arobaini, na yangekwenda kwenye darasa lililofurika kuliko yote.

"Ni Geita, basi. Lakini na walio vizuri tuwapongeze." Akampigia Mwalimu Agripina, mwalimu wa lile darasa la kijijini kwa kina Enock, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, Mwalimu. Tumesikia una wanafunzi hamsini na wawili tu. Hongera sana!"

"Marahaba. Hamsini na wawili wa wapi, mwanangu? Ninao mia moja sitini na wanne, na mia wanakaa chini. Nani kahesabu?"

"Enock."

"Enock wangu?" Sauti ikalainika. "Jamani, msimgombeze. Kuhesabu nilimfundisha mimi, kwa vizibo vya soda. Kama kakosea, kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Enock akasimama, akaisogelea simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi. Sijakosea. Nilikuja siku ya mnada makusudi, ili hawa wasinicheke. Darasa lako nililionea aibu. Na hivi punde nimemcheka Jenipher, nikijua kabisa kwetu ndiko kumezidi."