Mwanzi wa Pili Kutoka Kushoto

Hebu niambie, umewahi kukuta unga mweupe chini ya kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako mwenyewe, ukaomba macho yako yawe yanakudanganya?

Tang Yuexian alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa mto, kidole kikiwa juu ya jiwe. Siku mbili nzima chelezo cha mianzi cha mwanawe, chombo cha kushukia mto, kilikuwa kimelazwa pale chini ya turubai, mvua ikipiga huko juu milimani. Asubuhi hii alipolifunua turubai akakuta kijirundo cha unga, kidogo tu, kiasi cha chumvi ya yai moja. Aliunusa. Ulinukia utamu, kama muwa uliokauka. Akainua macho polepole, maana alikwishajua atakachokiona: tundu jembamba kama la sindano, pale kwenye mpindo wa mwanzi wa pili kutoka kushoto.

Bungua, yule mdudu mla mianzi.

Aliufuta ule unga kwa kiganja, upesi upesi, kama mtu anayefuta matapishi ya mtoto kabla wageni hawajaingia.

Katika bonde lile mianzi ya vyelezo hukatwa wakati wa baridi peke yake, utomvu ukiwa umeshukia mizizini na wadudu hawana cha kutamani. Mianzi minane kila chelezo. Huchunwa ngozi yake ya kijani kwa kisu chenye mishikio miwili, kisha upande mmoja hubanikwa juu ya moto wa taratibu na kupindwa, kidogo kidogo, mpaka ncha iinuke kama ncha ya kijiko. Kazi hiyo Yuexian alifundishwa na marehemu mumewe. Chuma chake cha kutia alama, chenye jina la ukoo wa Mo, bado kilining'inia jikoni juu ya jiko la kuni. Mwaka wa kumi na tisa sasa tangu afe, na hakuna chelezo chenye alama ile kilichowahi kuvunjika.

Ila mwaka huu, masika yalipoanza, mwanzi mmoja ulimpasukia motoni. Alisinzia, basi; umri. Mianzi ya baridi ilikuwa imekwisha, sikukuu inayoleta wageni ilikuwa mlangoni, na mwanawe Defu kila jioni alikuwa akiuliza, "Mama, bado tu?" Akapanda kilimani peke yake na panga, akakata mwanzi mbichi uliojaa maji matamu. Akaubanika, akaupaka masizi na mafuta mpaka ukafanana na ndugu zake saba. Hakumwambia mtu. Alijiambia atautoa baridi ikirudi.

"Bibi! Bibi Tang! Umenikimbia bila kuniaga?"

Alikuwa Bai Ning, yule msichana wa Shenyang, kaskazini kabisa, aliyepanga siku nne chumba cha juu nyumbani kwake. Alishuka ngazi za mawe akiwa na begi lake la mgongoni lililompita kichwa. Nyuma ya begi kulikuwa na sufuria ndogo na jozi mbili za soksi zilizobanwa zikauke. Miezi miwili alikuwa akitembea hivyo, kijiji hadi kijiji.

"Umekula?" Yuexian aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Bakuli mbili za tambi. Zile karanga zako zimeniharibu, Bibi. Nikifika kwetu nitakula nini mimi?"

Defu alikuwa tayari ndani ya maji, suruali imekunjwa magotini. "Dada, huo mzigo umeubeba wewe au umekubeba? Chelezo changu ni cha watu wawili. Sio watu wawili na nyumba yao."

"Muulize mama yako. Ndiye aliyeniwekea chupa tatu za pilipili."

"Tatu! Mimi mwanawe hanipi hata moja."

Wapiga pondo wengine watatu, wasukuma vyelezo kwa fito ndefu, waliokuwa wakingoja wageni wao, wakacheka. Yuexian hakucheka. Alikuwa akitazama mto. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa, na yalipita upesi, yamebeba majani na matawi.

"Maji bado machafu," alisema. "Ngojeni kesho."

"Mama, juzi machafu, jana machafu. Bendera ya kijani ya ruhusa ile pale, wameipandisha tangu asubuhi."

"Basi mpeleke kwa barabara."

"Kwa barabara!" Bai Ning aliweka mikono kiunoni. "Nimetembea miezi miwili nije nishuke mto huu, Bibi, halafu nipande pikipiki? Basi langu ni la saa sita kule kwenye daraja la mawe, na treni ni jioni. Leo au basi tena." Akalipiga begi lake kofi. "Na nimeshaandika kwenye daftari langu: vyelezo vya Bibi Tang havijawahi kuvunjika. Mimi kuogelea sijui hata kidogo, lakini kwenye mikono yako siogopi."

"Andika na jina langu!" mpiga pondo mmoja akapaza sauti. "Mzuri kuliko Defu!"

Yuexian alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, aliyahisi yamekaa kwenye ulimi, mazito kama kokoto. Akawatazama wale wanaume watatu, ambao kila mmoja alikuwa amesimama juu ya chelezo chenye alama ya mumewe. Akamtazama msichana.

"Funga jaketi lako la kuelea vizuri," alisema.

Hayo tu.

Wakaondoka. Omo ya chelezo, ule upande wa mbele, ilitangulia kwa madaha, mianzi yote minane imeinua pua. Kwenye maji matulivu mwanzi mbovu na mwanzi mzima ni kitu kimoja. Lakini mto ule umekatwa kwa vizingiti vya mawe, kazi ya wazee wa zamani ya kupeleka maji mashambani, na chelezo kikifika kwenye kizingiti huteremka kama mtoto anayeserereka: pua inazama nzima, uzito wote unaangukia ile mipindo, kisha kinaibuka. Wageni hupiga kelele kwa furaha. Kizingiti cha kwanza kinafika goti. Cha pili, kiuno. Cha tatu kinampita mtu mzima, na chini yake kuna mawe.

Alisimama akisikiliza. Ukelele ulikuja ukipanda juu ya maji, mrefu, mwembamba. Kizingiti cha kwanza.

Ulikuwa wa furaha? Aligundua kwamba hawezi kutofautisha. Maisha yake yote amesikia kelele zile akiwa anafua mashuka au anachuna mianzi, hakuwahi hata kuinua kichwa.

Akaanza kukimbia.

Miaka sitini na minne, ndara miguuni. Alipita nyuma ya nyumba, akatokea barabarani, ambako jirani yake Tan Laowu alikuwa akichemsha mahindi kwenye jiko lililo nyuma ya pikipiki yake ya umeme ya magurudumu matatu.

"Shemeji, umeibiwa kuku?"

"Nipeleke kizingiti cha tatu."

"Na mahindi yangu yako motoni? Panda kesho, nitakupeleka mpaka Beijing."

"Laowu!"

Laowu akamtazama usoni. Akateremsha sufuria chini, mahindi na maji yake.

Barabara ile huacha mto na kuzunguka nyuma ya mashamba ya mabalungi, kwa hiyo hakuona kitu, majani tu, na majani tena. Alishika kiti kwa mikono miwili. Akausikia ukelele wa pili, mbali upande wa kushoto. Huu ulikuwa mfupi. Ulikatika katikati, kama uzi.

"Kimbiza!" alisema.

"Betri ndiyo hii, Shemeji! Unataka nishuke nisukume?"

Akilini aliliona lile daftari likielea. Aliliona waziwazi, kurasa zimefunguka, wino ukiyeyuka kwenye maji ya rangi ya chai. Aliiona soksi moja imenasa kwenye tawi. Akafumba macho, akaviona vilevile.

Walipotokea kwenye kizingiti cha tatu, vyelezo viwili vya wenzake vilikuwa kando vikingoja zamu. Cha Defu kilikuwa kimekwishaingia katikati ya mto, pua imeelekea kwenye pengo ambalo vyelezo hupitia. Bai Ning alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwanzi, amelikumbatia begi, anacheka. Wazima. Wazima bado.

"Defu!"

Maji yaliimeza sauti yake. Aliita tena, koo likauma. Defu alikuwa anatazama pengo tu, pondo mkononi, kama kila mpiga pondo anavyofundishwa kutazama.

Basi Yuexian akapanda juu ya kizingiti. Mawe yalikuwa na ukungu wa kijani unaoteleza kama utelezi wa bamia. Ndara moja ikachukuliwa na maji, akaiacha ya pili mwenyewe. Maji vifundoni. Maji magotini. Aliogopa, na hakuwa akiogopa maji peke yake. Akafika kwenye pengo, akakumbatia nguzo iliyoko pale, akajitanda katikati ya njia.

Defu akamwona. Akapiga kelele isiyo na neno, akalikita pondo chini kwa nguvu zote mpaka likapinda, na chelezo kikageuka ubavu, kikakwaruza mawe, kikatulia. Pua yake ilikuwa mkono mmoja kutoka kifuani mwa mama yake.

"Mama! Una wazimu?"

Bai Ning hakucheka tena. Uso wake ulikuwa mweupe kama mchele. Kando ya mto, wapiga pondo wakapaza sauti.

"Mama Defu, umekunywa pombe asubuhi hii?"

"Mwacheni, anataka kupigwa picha!"

Yuexian aliweka kiganja chake juu ya mwanzi wa pili kutoka kushoto, pale kwenye mpindo, juu kidogo ya alama ya ukoo. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia mpaka ukucha ukapotea. Unga uliolowa ukatoka, mweupe, ukaelea mbele ya magoti yake, ukafika kwenye ukingo wa kizingiti, ukashuka.

Defu alikitazama kile kidole. Bai Ning alikitazama. Kando, vicheko vikafifia kimoja kimoja, na mmoja wa wale wanaume akainama taratibu kutazama mianzi iliyokuwa chini ya miguu yake.

"Ya kwenu mizima," aliwaambia kwanza. Kisha akamgeukia mwanawe, akapaza sauti ili na wale wa mbali wasikie.

"Huu niliukata masika. Nilijua ni mbovu tangu siku ile. Leo asubuhi nilitaka kuwaambia, nikaogopa. Shukeni, wanangu. Shukeni hapa hapa."