Ringi Nne za Pikapu ya Marehemu

Ijumaa asubuhi Dufie aliingia gereji za Suame, Kumasi, na karai kichwani, na ndani ya karai dramu ya breki ya gari. Mafundi waliacha nyundo wakamtazama.

"Mama, leo unauza supu ya chuma?" mmoja akamtania.

"Ndiyo, na wewe nimekuwekea mfupa," akamjibu bila kupunguza mwendo.

Hakuwa na nafasi ya mzaha. Mumewe, Asamani, alikuwa amekufa akaacha pikapu ya zamani juu ya matofali, ringi zote nne zimeliwa na kutu muda wote alipokuwa mgonjwa kitandani. Kwao mali ya mwanamume huwaangukia watoto wa dada zake, na mpwa wa marehemu, Barimah, hakungoja hata matanga yapoe.

"Gari lisilotembea ni chuma tu," alisema mbele ya ukoo, "na chuma ni chetu. Mnunuzi wa chakavu nimeshampata."

Jamani, kuna watu hawana haya! Miaka kumi na tisa pikapu ile imebeba mihogo ya Dufie kwenda sokoni, na macho ya Asamani yalipofifia, aliyeshika usukani ni Dufie mwenyewe. Bila gari lile angebaki na shamba la mbali na kichwa chake tu cha kubebea. Bahati nzuri dada mkubwa wa marehemu, Mama Konadu, akakohoa. Huyo akikohoa, ukoo mzima hunyamaza.

"Jumapili, kwenye ibada ya shukrani ya mazishi, gari lije kanisani kwa magurudumu yake," alisema. "Likifika, ni la Dufie. Lisipofika, Barimah achukue."

Ijumaa hiyo zilikuwa zimebaki siku mbili. Na pale Suame hakuna anayeamini namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Unaleta chuma chenyewe, kinapimwa juu ya chuma. Ndiyo maana ya lile karai.

Muuza ringi, mzee mfupi aitwaye Frempong, alijaribu ringi ya kwanza: matundu matano, na bolti ni sita. Ya pili ilikuwa na matundu sita, lakini yameachana mno. Akapotea nyuma ya lundo, akarudi anatweta na nyingine, akaishusha juu ya dramu. Ikakaa kimya kabisa.

"Ee! Hiyo hapo!" akasema Frempong. "Na ndugu zake watatu ninao."

Dufie alirudi kijijini akiimba. Jumamosi asubuhi fundi wa pale kijijini akafunga magurudumu ya nyuma bila shida. Kufika mbele, yakagoma. Habu za mbele, vyuma vinavyoshika ringi, zina kitovu kinene katikati, na tundu la ringi halikukipitisha. Dufie alikuwa amepeleka kipimo cha nyuma tu, cha mbele akakiacha nyumbani! Akakaa chini, mikono kichwani.

Barimah alikuwa ameegemea ukuta anatafuna muwa. "Mke wa mjomba, nyuma imekubali, mbele imekataa. Sasa kesho utakuja kanisani kinyumenyume?"

Dufie akainuka. Alimwamuru fundi afungue habu moja ya mbele, akaitia karaini pamoja na ringi mbili, akashika njia ya Suame tena.

"Ya mbele mbona hukuniletea?" Frempong akashangaa.

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

"Haya, tumekosa wote." Mzee akapima, akatikisa kichwa. "Zenye tundu pana sina, dada. Na nijuavyo mimi, Kumasi nzima hazipo."

Dufie akajifuta macho kwa ncha ya nguo yake. Aliiona pikapu inakatwakatwa mbele ya macho yake.

"Usilie bwana! Tundu si linaongezwa?" Frempong akambebea ringi hadi banda la pili, kwa mkereza vyuma. Mashine ikalia, vumbi la chuma likamwagika, mkereza akanyoa ukingo wa tundu la kila ringi, unene wa ukucha tu. Kisha wakaishusha ringi juu ya habu. Ko! Ikaingia mpaka mwisho. Dufie alimkumbatia Frempong, akamkumbatia na mkereza vyuma na grisi zake zote. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima, na njia nzima ya kurudi alisinzia amekumbatia karai.

Jumapili Barimah alikuwa mlangoni pa kanisa na mnunuzi wake wa chakavu. Pikapu ikaja inanguruma, Dufie ndani yake na nguo nyeupe, ikasimama mbele ya miguu yao.

Mama Konadu akatoka nje. Akalizunguka gari polepole, akapiga kila gurudumu teke kwa kiatu chake: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akaingia ibadani.

Ibada ilipokwisha, alifungua mlango wa mbele wa pikapu akaketi karibu na Dufie.

"Mwanangu, nipeleke kwangu. Taratibu, kiuno kinauma." Kisha akatoa kichwa dirishani. "Barimah! Wewe na mgeni wako mnasimama juani kwa nini? Mwombeni mwenye gari lake awape lifti."

Barimah akasogea dirishani. "Mke wa mjomba... tunaweza kupanda?"

"Pandeni nyuma," Dufie akasema, akacheka mpaka akashindwa kuwasha gari.