Sufuria ya Wilkista

Nianze na sufuria, maana ndiyo iliyoninyima raha.

Wilkista aliolewa na mwanangu Isaiah mwezi wa Aprili, na sufuria ile alikuja nayo kutoka Mogogosiek, kwa babake Okeyo anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Si vibaya mke kuja na chombo. Mimi mwenyewe niliingia boma hili na kibuyu cha mamangu. Lakini chombo huja kuungana na vingine jikoni. Hii ya Wilkista ilikaa peke yake juu ya kabati nyumbani kwao, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na mwiko wake na kichujio chake. Siku moja nilitaka kuchemshia mahindi, akaichukua mkononi mwangu.

"Pole, Mama. Hii ni ya Isaiah peke yake."

Ya Isaiah peke yake! Niambie wewe, ni mwanamke gani anayempikia mumewe kwenye sufuria ambayo hata mama mzazi haruhusiwi kuigusa, kama hakuna jambo?

Mimi ukiona nimenyamaza, jua naangalia.

Nikaangalia. Isaiah, ambaye tangu utotoni alikuwa mwembamba kama fito, akaanza kujaa mashavu. Mama mwingine angefurahi. Mimi niliogopa, kwa sababu alinenepa huku ameacha vyakula vyetu. Chapati hagusi. Mandazi hagusi. Na maziwa ndiyo kabisa! Tuna ng'ombe wanne hapa Kaplong, anawakama yeye mwenyewe asubuhi, halafu anakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kama mtu asiye na hata mbuzi. Nikimmiminia mursik, maziwa yetu ya kibuyu yaliyoganda, anasema ameshiba, anachukua kikombe na kutoka nacho nje. Mara ya tatu nilimchungulia dirishani. Alikuwa anampa paka.

Mkipsigis anampa paka mursik! Hapo nikajua mwanangu amefungwa.

Jirani yangu Chepkemoi hakumung'unya maneno. "Mama Isaiah, huyo msichana anamlisha kitu. Kwanza atamtoa kwa maziwa yako, halafu atamtoa kwako." Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe nilikuwa nimeitolea ng'ombe sita.

Basi Jumamosi moja niliingia jikoni kwao bila kupiga hodi. Wilkista alishtuka, nami nikafurahi kumwona ameshtuka. Mezani kulikuwa na bakuli la korosho zilizolowekwa kwenye maji moto, kitunguu saumu, ndimu, na pakiti ya spageti. Nilichukua pakiti nikaisogeza karibu na macho. Ilikuwa na picha ya suke la ngano lililopigwa mstari katikati. Nani huyo anapiga chakula cha Mungu mstari? Kanisani kwetu hata mtu akifutwa jina huombewa kwanza.

"Hii si ya ngano?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Ni ya mchele na mahindi."

"Na ngano imekosea nini?"

Aliinama akajifanya anatafuta kisu. "Isaiah ndiye atakuambia."

Mtu asiyeficha kitu hujibu mwenyewe. Nilivuta kigoda nikakaa.

Alitia korosho kwenye blenda pamoja na kitunguu saumu alichokuwa amekaanga, akaongeza maji kidogo, akasaga mpaka mlio ukalainika. Kilichotoka kilikuwa cheupe na kizito, kama malai ya maziwa ya asubuhi. Lakini hakikutoka kwa ng'ombe yeyote ninayemjua. Akakimimina kwenye sufuria ile, akaongeza kikombe cha maji yaliyochemshiwa spageti, akakoroga kwa moto mdogo, akatia chumvi na ndimu, mchuzi ukashikana. Harufu ilikuwa nzuri. Hata hiyo niliitilia shaka. Dawa ikinuka vibaya itamnasa nani?

Mvua ikaanza kugonga mabati, kama kawaida yake huku kwetu saa nane ikifika. Nguo zilikuwa zimeanikwa.

"Mama, nisaidie kukoroga, nakuja sasa hivi!" Akatoka mbio.

Miezi minane ananificha sufuria, leo anaiacha mikononi mwangu kwa sababu ya shuka tatu. Chini ya leso nilikuwa nimebeba kibuyu kidogo. Mursik ndiyo tunayompa mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali, na mwanangu alikuwa mbali nami ingawa nyumba zetu zinatazamana. Nilijiambia kwamba kama amefungwa, maziwa ya kwao yatamfungua. Nikamimina nusu ya kibuyu, nikakoroga. Ninalisema hilo kwa aibu.

Isaiah aliingia amelowa, ametoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Aliponiona alitabasamu, akavuta kiti. Wilkista alipakua. Isaiah akazungusha uma, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Alitazama sahani. Halafu akanitazama mimi.

"Mama, leo umepika wewe?"

"Nimekoroga tu."

Akaendelea kula. Alikula bila kuinua kichwa, tonge juu ya tonge, kama mtu anayetaka kumaliza shamba kabla ya jua kuwa kali.

"Iko tamu, Mama," akasema.

Nilimtazama Wilkista machoni. Unaona sasa? Amerudi kwa mamake.

Wilkista, aliyekuwa bado anajifuta mvua kichwani, akajipakulia na kuonja. Alitema yote kiganjani.

"Isaiah, wacha! Hii iko na maziwa!"

"Najua."

"Unajua na unakula?"

"Ni Mama ameweka."

Alimpokonya sahani, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuniita Mama.

"Umefanya nini? Daktari alisema tumbo lake halitaki ngano, halitaki maziwa. Hata mwiko umegusa chapati unamuumiza. Ndio maana nikamtengea sufuria! Nilimwambia akuambie, akakataa. Akasema maziwa ni yako, utaumia roho."

Nilitaka kujibu. Jibu nilikuwa nalo, mimi sikosi jibu. Lakini Isaiah alikuwa ameshaanza kujikunja kwenye kiti, goti moja limepanda kifuani, mdomo umefungwa kwa nguvu ili asilie. Ule mkunjo niliujua. Niliujua alipokuwa na miaka mitano, na minane, na kumi na miwili. Kila alipojikunja hivyo nilimkimbilia na dawa niliyoiamini, kikombe cha mursik. Asipopona, cha pili. Na kipande cha chapati apate nguvu.

Miezi minane nilikuwa namsaka mtu anayemlisha mwanangu kitu. Nilipiga magoti sakafuni mbele yake.

"Isaiah, tangu lini?"

"Tangu zamani, Mama. Sikujua ni maziwa ama ni nini. Nilijua tu nikikunywa inauma zaidi."

"Sasa mbona ulikuwa unamaliza kikombe?"

Wilkista alikuwa amemshika mgongo, anamsugua taratibu, na hakunitazama.

"Nikiwa mgonjwa ulikuwa unalia sana, Mama," akasema. "Nikimaliza kikombe, ulikuwa unanyamaza."