Sebule Nyuma ya Mlango

Seremala aliupiga mlango randa ya mwisho, akaupachika kwenye fremu ya karakana ya gereza, akaufungua aone kama unakwama. Haukukwama. Nyuma ya mlango, mahali pa ukuta, palikuwa na sebule ya nyumba yake, jioni ile aliyomvunja mkewe mkono.

"Bawaba zinalia?" askari aliuliza.

"Hazilii, afande. Ila kuna nyumba yangu humu."

"Basi usiupake vanishi mpaka watoke."

Siku hiyo mtafiti alikuwepo, dada mmoja mpole aliyekuja kuwauliza wafungwa jinsi mambo haya yanavyotokea majumbani. Seremala alikuwa ameshamjibu: "Hasira, dada yangu. Nilipandwa na mori, nikaja kushtuka nimeshafanya." Sasa mtafiti akavuta kigoda, akaketi mbele ya mlango. Wafungwa wengine wakaweka misumeno chini, wakaja na vikombe vyao vya chai.

Mle ndani mkewe alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimemzunguka. Siku hizo seremala hakuwa na kazi, na mtaa mzima ulimwita "mume wa fundi". Wakamwona akiingia.

"Chakula bado kidogo, baba. Umeme ulikatika," mkewe alisema.

Yule wa ndani hakufoka. Alimtuma binti yake kwa jirani akaombe chumvi, na chumvi ilikuwepo tele. Akafunga dirisha. Akaongeza sauti ya redio. Akavua saa, akaiweka juu ya kabati taratibu, isije ikapasuka kioo. Kisha akautazama mkono wa kushoto wa mkewe, akauacha, akaushika wa kulia.



"Mimi nilimfunga mbwa kwanza," alisema mzee mmoja. "Alimpenda sana yule mama. Angeniuma."

"Mimi nilivua koti," mwingine akasema, macho kwenye chai yake.

Seremala alikimbilia mlangoni. "Mwache! Wewe, mwache!" Yule wa ndani alimtazama kama mtu anavyomtazama jirani mbea, akaja, akaufunga mlango. Walipoufungua tena palikuwa na ukuta. Kesho yake mlango ukapakwa vanishi, ukapelekwa zahanati.

Mkewe hashoni tena. Vidole viwili vimekataa kukunjika.

Jumapili mama mzazi wa seremala alikuja kumtembelea. Seremala hakumwuliza habari za nyumbani.

"Haikuwa hasira, mama," alisema. "Nilijua ninachofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mama alipenyeza vidole kwenye wavu, akamnyooshea kola ya shati. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, na tukazeeka pamoja," alinong'ona. "Usiyaseme hayo, mwanangu. Watu watasikia."