Godoro Lililoomba Maji

Kaka yangu, fundi wa magodoro, hajawahi kuuza bila kumwuliza mteja, "Umelibonyeza? Umeridhika?" Mteja akikubali, kaka huweka mkono kifuani na kusema, "Basi, biashara yetu halali." Aliamini maneno hayo yanafuta kila kitu. Mimi, mshonaji wake, nilijinyamazia. Nami riziki yangu ilikuwa hapo hapo.

Sponji ya magodoro yetu ilitoka kwenye vitanda vya hospitali iliyofungwa. Aliinunua kwa bei ya kutupa, tukaifua, tukaianika, madoa nikayakata kwa mkasi, kisha nikaivika kitambaa kipya cha maua. Hakuna mteja aliyeambiwa.

Wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu, asubuhi kweupe, macho mekundu.

"Fundi, godoro lako linaomba maji."

Kaka alicheka hadi akashika mbavu. "Mwalimu, punguza kahawa."

Kesho yake akaja kinyozi, keshokutwa mpishi wa shule. Hawakujuana, lakini walisema yaleyale: mtu anakohoa chini ya shuka, halafu anasema taratibu, "Nesi, maji." Kicheko kikamwisha kaka.

Ndipo nilipomkumbuka mama. Yeye tulimpa moja la zawadi.

Tulimkuta amekaa kitandani, kikombe mkononi, midomo imepasuka kwa kiu. Alikuwa akimimina maji juu ya godoro, na shuka lilibaki kavu kabisa.

"Siku ya nne hii," alisema. "Hatosheki, maskini. Nami siwezi kunywa mbele ya mgonjwa. Mmenilaza juu ya nini?"

Kaka alibabaika. "Mama, kila mteja nilimwuliza, akaridhika."

"Aliridhika na nini, na wewe umemficha?"

Kaka akapiga magoti, jitu zima lile, akalia. "Ni sponji ya hospitali, Mama. Nimewaficha wao, nimekuficha na wewe. Naenda nyumba kwa nyumba leo, nawaambia, nawarudishia haki yao."

Maji yakaanza kuonekana kwenye shuka, yakilowesha kama maji ya kawaida. Mama akanywa funda moja, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti yangu, ulijua?"

"Sikujua, Mama."

"Alijua," ikasema sauti chini ya shuka.

Mama akakiinamisha kikombe, akamimina tena, na shuka likabaki kavu.