Mapigo Juu ya Sweta

Ukungu wa Shume ulikuwa haujainuka kwenye misonobari kijana nisiyemjua alipobisha hodi jikoni kwetu, amelowa, raba za kukimbilia mkononi. Alimwamkia mama, akajitaja kuwa ni Twaha wa Lushoto, rafiki wa kaka yangu Alen. Kisha akaiona saa ya Alen mkononi mwa mama.

Mama alikuwa ameivaa juu ya mkono wa sweta la Alen, kama wengi wetu huku tunavyovaa saa kwa ajili ya baridi. Siku lori la magogo lilipomuua Alen barabarani, saa aliiacha nyumbani ikichaji. Tangu mazishi, kila mama akiibonyeza ilimwonyesha mapigo ya moyo: sabini na mbili. Akipanda na mzigo wa kabichi, sabini na mbili. Akilia, vilevile. Asubuhi moja alilitundika sweta kitini, saa ikiwa juu yake, na taa ya kijani iliyo chini ya saa ikaendelea kupepesa ndani ya sufu. Namba haikubadilika. Ndipo akaanza kusema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba Alen hajaondoka. Mimi na digrii yangu nilikuwa nikipita karibu na kiti kile kwa kunyata.

Twaha alieleza akiwa amesimama. Moyo wake una tatizo. Daktari alimruhusu kukimbia, ila mapigo yasizidi mia na thelathini. Alen alikuwa akimvika saa yake na kukimbia naye, akiitazama na kumwambia apunguze. Alimwahidi kwamba msimu huu wa viazi ukiisha, saa itakuwa yake. Juzi Twaha alikimbia peke yake, akaanguka.

"Sikuja kuidai, mama. Nimekuja kuuliza tu."

Mama akamnyooshea mkono. "Mwangalie mwenyewe. Hachoki, wala hana haraka."

Twaha alitazama namba, kisha akanitazama mimi. Alijua. Alikuwa ananiachia mimi niseme.

"Mama," nilisema, "hiyo taa inatafuta damu chini ya ngozi. Ikikuta sufu inabahatisha."

"Kumbe chuo kinafundisha hata nani yupo nyumbani kwangu, Yunis."

Twaha alimwomba apashe mikono moto mekoni, maana mkono wa baridi unaificha damu, kisha aivae kwenye ngozi, juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ibane. Mama alikubali, nadhani ili atuaibishe. Akakunja mkono wa sweta, akaivaa. Namba ilitafutatafuta, ikasimama kwenye tisini na nane. Ikapanda. Alijaribu kutulia, ikazidi kupanda.

"Huyu ni mimi," alisema.

Kuni zilipasuka mekoni. Sote tulikitazama kiti kile kitupu, na kwa mara ya kwanza kilikuwa kitupu kweli.

Twaha aliokota raba zake, akasema atatafuta nyingine, kwa sasa atatembea tu. Mama akamzuia mlangoni.

"Alen alikuahidi kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, mama."

Aliivua saa, akaifuta kwa pindo la kanga, akamfunga mwenyewe, juu ya mfupa, akavuta mkanda mpaka kijana akakunja uso.

"Usiilegeze," alisema. "Mwanangu hakuwa mwongo."

Twaha alipotokomea kwenye ukungu, mama alikuwa bado anabonyeza sweta, pale saa ilipokuwa.